Upendo Usamehao



Tukiwataja ndugu zetu Wabaptisti, mara nyingi twazungumza habari ya ubatizo wao wa maji mengi, na huko tunaishia, kana kwamba hawana jingine la kutufunza. Mwezi huu tumeona vema tuwaeleze habari za usharika wao mmoja wa mjini, nao ni Kanisa la Kibaptisti la Barabara ya 16, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, nchini Marekani.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1871 kwa ajili ya chuma na makaa ya mawe. Miaka miwili baadaye, 1873, Wakristo Weusi wakaanzisha usharika wao, wa kwanza wa watu Weusi mjini humo. Tukumbuke kwamba utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865 tu. Watu wazima waliouanzisha walizaliwa kabla ya siku hiyo. Jengo walilojenga likaja kubomolewa kwa amri ya wakuu wa mji, wakaanza upya, na kanisa lililopo sasa likamalizika mwaka 1911. Aliyelichora, Wallace Rayfield, alikuwa mtu Mweusi, na fundi mkuu aliyelijenga vivyo hivyo. Sheria za mji ziliwatenga watu Weusi katika mikahawa, shule na mabasi, kwa hiyo kanisa hilo halikuwa mahali pa ibada tu. Ndani yake watu walikutana, wakasikiliza hotuba za wageni wakubwa, wakapata kujiona kuwa watu.

Wengi wa washarika walikuwa walimu na watu wa kazi za heshima. Watu wa namna hiyo wana mengi ya kupoteza, na sisi tulio katika mabaraza ya kanisa twaijua hofu hiyo. Hata hivyo, mwaka 1963 walifungua milango yao kwa waliodai haki. Tarehe 2 Mei mwaka huo mamia ya wanafunzi walitoka kanisani humo, wakaandamana wakiimba, wakakamatwa na kutiwa mahabusu. Siku ya pili yake polisi waliwaachia wenzao mbwa, na mipira ya maji ya zimamoto ikawaangusha chini. Dunia nzima iliziona picha zile.

Ikaja Jumapili ya tarehe 15 Septemba. Ilikuwa siku ya vijana. Saa nne na dakika 22 asubuhi bomu lililofichwa chini ya ngazi za nje lililipuka, likawaua wasichana wanne waliokuwa chini wakijitengeneza kwa ajili ya ibada: Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley, kila mmoja wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Sarah, mdogo wake Addie Mae, alipoteza jicho moja. Somo la Shule ya Jumapili lililopangwa kwa siku ile liliitwa Upendo Usamehao.

Hapa twataka kukaa kidogo, maana neno hili si jepesi. Ni nani kati yetu angeweza kwenda kwa mama yake Addie Mae Jumatatu ile na kumhubiri kusamehe? Sisi wahubiri tumezoea kulitumia neno hilo upesi, ili kelele zinyamaze. Mara ngapi tumemwambia mama aliyepigwa nyumbani kwake asamehe, arudi kupika, na mume hatukumwuliza hata neno moja? Tukafunga kwa sala, tukaenda zetu tukidhani tumepatanisha.

Usharika ule haukufanya hivyo. Haukutafuta mtu wa kuuawa kwa kisasi, wala haukusema yaliyopita yamepita. Walizika watoto wao, wakatengeneza jengo kwa fedha zilizotoka pande nyingi, wakarudi kusali humo Juni 1964. Kesi lakini ilikawia sana. Mtu wa kwanza alitiwa hatiani mwaka 1977, baada ya miaka 14; wa pili mwaka 2001, na wa tatu mwaka 2002, alipokuwa mzee. Sarah, aliyekuwa mtoto wa miaka 12 siku ya bomu, alisimama mahakamani mtu mzima, akaeleza aliyoyaona kabla jicho lake halijapofuka. Sisi hatuoni kwamba kutoa ushahidi ni kukataa kusamehe. Mtu asamehe nini, ikiwa kosa lenyewe halijatajwa mbele ya watu?

Kuna jambo jingine. Katika mlipuko ule dirisha moja la kioo cha rangi, lililomwonyesha Kristo pamoja na watoto, lilibaki mahali pake, ila uso wa Kristo uliondolewa. Huko Wales, ng'ambo ya bahari, msanii John Petts alizisikia habari akajitolea kutengeneza dirisha jipya. Gazeti la huko likaanza kuchangisha, likaweka sharti: asitoe mtu zaidi ya nusu krauni, yaani shilingi mbili na nusu za Kiingereza za siku zile. Hawakutaka tajiri mmoja alipe yote. Sisi tungekuwa wa kwanza kumtafuta mgeni rasmi mwenye mfuko mnene, na jina lake tungeliandika ukutani.

Dirisha hilo liliwekwa mwaka 1965. Kristo aliyemo ni Mweusi, amenyosha mikono kama aliye msalabani. Mkono mmoja wasukuma uovu, mwingine umefunguliwa kwa msamaha. Chini yake pameandikwa maneno machache yatokayo katika Mathayo 25:40. Usharika wangali wakisali humo, na wageni wengi hufika kulitazama.

Fungu la somo la Jumapili ile, ambalo watoto wale wanne hawakuwahi kulimaliza, lilikuwa Mathayo 5:43–48. Tunawaomba viongozi wa vikundi vya nyumbani walisome mwezi huu, na wasiwaharakishe wenye kulia.