Barometa, Bass na Hoja ya Imam Ghazali

Upepo wa kusini ukivuma na mawingu yakitanda juu ya maziwa ya Texas, samaki wa bass hurukia karibu kila kinachopita mbele yao. Kisha hewa baridi inaingia kutoka kaskazini. Kesho yake anga ni jeupe, mgandamizo wa hewa umepanda, na bass wamejibana kwenye visiki vilivyozama, hawafukuzi kitu. Mvuvi anaweka kando chambo kikubwa, anafunga kidogo kwa uzi mwembamba, na kukiburura taratibu hadi puani pa samaki.

Ukimuuliza sababu, mara nyingi atataja barometa, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa.

Hapo Imam Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, ana la kusema. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 1095, alichukua mfano wa pamba na moto: jicho huiona pamba ikiungua inapoguswa na moto, lakini halioni kwamba ni moto ulioiunguza. Kwake, mtendaji ni Mungu. Binadamu wamezoea tu kuona hili likiandamana na lile.

Barometa haiuwezi mtihani huo wa kutofautisha kuandamana na kusababisha, tena kwa hesabu nyepesi. Kila sentimita 1 ya kina cha maji huongeza mgandamizo wa takriban hektopaskali 1. Hewa baridi ikipandisha kipimo kwa hektopaskali 20, kwa bass ni sawa na kushuka sentimita 20 tu, jambo analolifanya kila siku akiwinda, wala hasusii chakula.

Mwanafalsafa Ibn Rushd, aliyemjibu Ghazali karne iliyofuata, alishikilia kwamba anayekana sababu anakana elimu yenyewe. Ziwani hoja yake ndiyo nzito zaidi, maana kila sababu ina mbinu yake. Kama tatizo ni mwanga mkali, chambo kitupwe kivulini, chini ya gati. Kama ni ubaridi wa maji ya kando, ambayo hupoa upesi kuliko ya kilindini, boti isogezwe kwenye kina.

Mshukiwa asiyetajwa sana ni mvuvi mwenyewe. Siku ya baridi wanaotoka ni wachache, na wengine hutupa ndoana shingo upande. Hata hivyo, bass anayeshikilia rekodi ya Texas, mwenye zaidi ya kilo 8, alivuliwa Lake Fork Januari 1992, katikati ya majira ya baridi, kwa kidagaa hai kilichokusudiwa samaki wa aina nyingine.