Nathani Alirudi kwa Mfalme

Maandiko ya wiki: Yuda 1:22, 2 Samweli 7:1-17, Mithali 11:1

Jumapili tulisimama kwa mstari mmoja mfupi sana katika waraka wa Yuda, ule unaotuagiza kuwahurumia walio na shaka. Angalia vizuri. Hautuagizi kuwashinda. Hautuagizi kuwaweka kwa kikundi cha maombi cha WhatsApp na jina lao. Unasema tuwahurumie. Wengi mliniomba niandike ile habari ya rafiki yangu kwa utaratibu, kwa sababu muda ulituishia. Ndiyo hii. Na mwisho wake kuna jambo sikulisema madhabahuni, nilirudi nyumbani likaninyima usingizi.

Rafiki huyu tulisoma naye biashara chuoni, tukalala chumba kimoja hosteli miaka miwili. Tulipomaliza, yeye alijiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale tunaowaita Wamormoni. Akaoa huko, watoto wake wamelelewa huko. Mimi nikabaki upande huu wetu. Hatukugombana. Tulijua tu kwamba jambo hilo haliguswi, tuongee mpira na bei ya mafuta.

Miezi michache iliyopita akanipigia simu usiku. "Pasta, uko na nafasi kesho?" Tukakutana kwa kibanda cha chai. Aliagiza maji ya moto peke yake, hakugusa hata mandazi. Akaniambia amekuwa akisoma historia ya Joseph Smith, nabii aliyeanzisha kanisa lao huko Marekani mwaka 1830. Amefika mahali pa benki, na hawezi kupita. "Wewe tulisoma hesabu pamoja," akasema. "Niambie ukweli. Hii ilikuwa nini?"

Wapendwa, sitawaficha. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilianza kupanga kichwani ni Jumapili gani atakuja mbele kuombewa, na ni nani atapiga picha. Lakini nikatazama mikono yake ikizungusha kile kikombe, Roho Mtakatifu akanigusa. Huyu si mchezaji wa timu pinzani amejifunga bao. Huyu ni mtu anayeona nyumba yake ikipasuka ukuta. Watu wa kanisa hilo ndio walimzika mama yake. Ndio walimlipia kodi alipofutwa kazi. Akivuta uzi mmoja, hajui ni nini kingine kitafumuka.

JAMBO LA KWANZA: SIKILIZA MPAKA MWISHO

Mithali 18:13 inatuonya kwamba kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu na aibu. Sisi Wapentekoste tuna shida hapa, tuseme tu. Mtu akisema "nina shaka", kabla hajameza mate tumeshaanza kukemea. Yohana Mbatizaji alituma watu kutoka gerezani wamuulize Yesu kama kweli yeye ndiye (Mathayo 11). Bwana hakumkemea. Alimjibu kwa mambo yanayoonekana, halafu akamsifu mbele ya umati. Kwa hiyo siku ile nilinyamaza, nikaongeza chai, nikamwacha aseme.

JAMBO LA PILI: TUMIA MIZANI YA HAKI

Mithali 11:1 inasema Bwana anachukia mizani ya udanganyifu. Hilo si la sokoni peke yake. Ukieleza makosa ya nabii wa mwenzako, pima gramu kwa gramu, usiongeze chumvi. Nilirudi nyumbani nikasoma. Hii ndiyo habari.

Miaka ya 1830 wafuasi wa Joseph Smith walikusanyika katika mji mdogo wa Kirtland, jimbo la Ohio. Mwaka 1836 waliweka wakfu hekalu lao hapo, na ujenzi huo ukawaachia madeni. Ardhi walikuwa nayo, na bei yake ilikuwa inapanda, lakini pesa taslimu hazikuwepo. Wakaamua kufungua benki, wakaiita Kirtland Safety Society. Siku hizo benki za Marekani zilichapisha noti zao zenyewe. Noti ilikuwa ahadi: ukiirudisha kaunta, unapewa sarafu za dhahabu au fedha. Hawakupata kibali cha bunge la jimbo. Badala ya kuahirisha, Januari 1837 walifungua hivyo hivyo kama kampuni ya watu binafsi, na kwa baadhi ya noti wakaongeza herufi kabla na baada ya neno "benki" ili isomeke kwamba hii si benki.

Wale mliosoma biashara mmeshaona shimo. Mali yao kubwa ilikuwa shamba, na shamba huwezi kulikata vipande umpe mtu dirishani. Sarafu walizokuwa nazo zilikuwa kidogo. Watu walipoanza kurudisha noti, kabla mwezi haujaisha hazikuweza kulipwa tena kwa sarafu. Mwezi wa Mei msukosuko mkubwa wa fedha ukapiga Marekani yote, benki za New York zikasimamisha malipo ya sarafu, na benki nyingi nchini zikafa. Kufikia Novemba ile ya Kirtland ilikuwa imefungwa. Oktoba mahakama ilikuwa imewatoza Joseph Smith na mwenzake Sidney Rigdon faini ya dola 1,000 kila mmoja kwa kuendesha benki bila kibali. Waumini waliobaki na noti zisizolipwa walipata hasara. Kanisa likapasuka, hata baadhi ya wale mitume wao kumi na wawili wakatoka. Januari 1838 Joseph Smith aliondoka Kirtland usiku.

Sasa mizani. Je, alikuwa mwizi? Nilimwambia rafiki yangu: hesabu hizi hazinionyeshi mtu aliyejaza mfuko akakimbia. Yeye mwenyewe alipoteza na kubaki na madeni. Msukosuko wa 1837 uliangusha hata benki zenye vibali. Na mwezi wa Agosti alichapisha onyo kwa watu wasizipokee noti zile. Ningeweza kuyaacha hayo ili hoja yangu inenepe. Lakini mashaka ya mtu yakimalizwa kwa uongo wako, atakuja kuujua, na siku hiyo atakuacha wewe pamoja na Injili yako.

JAMBO LA TATU: TAFUTA MAHALI JERAHA LILIPO

Nilidhani nimemaliza. Akatikisa kichwa. "Pasta, benki kuanguka si shida yangu. Benki huanguka. Shida yangu ni Januari 6."

Akanieleza. Kuna shajara ya Wilford Woodruff, mfuasi mwaminifu aliyekuja kuwa rais wa nne wa kanisa lao. Siku hiyo, Januari 6, 1837, aliandika kwamba alimsikia Joseph Smith akisema amepokea neno la Bwana asubuhi hiyo kuhusu ile benki. Neno lenyewe hakuwaambia. Alisema tu kwamba wakizishika amri alizotoa Bwana, yote yatakuwa sawa. Wenzake kanisani humjibu kwamba hapo kulikuwa na sharti, na watu hawakulitimiza. Rafiki yangu akasema, "Labda. Lakini mimi natafuta mahali aliporudi akasema, neno lile lilikuwa langu, halikuwa la Bwana. Nimetafuta sana. Sijapaona."

Hapo ndipo nikafungua 2 Samweli 7. Mfalme Daudi ana mradi wa ujenzi, na ni mradi mzuri: nyumba ya Mungu. Anamwuliza Nathani. Nathani, nabii wa kweli, anamwambia aendelee na yote yaliyo moyoni mwake, kwa maana Bwana yuko pamoja naye. Wapendwa, nabii wa kweli alitaja jina la Bwana juu ya mradi ambao Bwana hakuwa ameidhinisha! Usiku ule ule neno la Bwana likamjia: sivyo. Nathani akafanya nini? Hakusema Daudi amekosa imani. Hakusema adui ameingilia. Alirudi kwa mfalme, na sura inasema alimwambia maneno yote, kulingana na maono yote.

Tofauti iko hapo. Mtumishi wa Mungu anaweza kusema kwa haraka. Swali ni kama atapiga ile safari ya kurudi.

JAMBO LA NNE: NA WEWE JE?

Rafiki yangu alinyamaza kitambo. Halafu akaniuliza polepole, bila hasira, "Na wewe, ulirudi?"

Shangazi yake anasali hapa kwetu. Alijua.

Wengi wenu pia mnajua. Miaka minne iliyopita nikiongoza huduma ya wafanyabiashara, kampuni moja ya kuuza ploti ilikuja kwetu. Mimi ndiye niliyechora hesabu kwa ubao. Na Jumapili yake nikasimama madhabahuni, nikasema Bwana ameniwekea moyoni kwamba huu ni mwaka wa kumiliki. Mkasema amina. Mkatoa. Kina mama wa chama walitoa akiba yao. Mmoja wenu alitoa karo ya mtoto wa kidato cha kwanza. Hati hazikutoka, simu zikazimwa, ofisi ikafungwa. Na mimi nilisema nini? Nilisema shetani amepigana na baraka zetu, tufunge siku tatu.

Mkafunga, wengine mkiwa hata chakula hamna.

Nimesoma miaka minne jinsi ya kukagua kampuni. Sikuomba kuona hata nakala ya hati ya shamba lile. Na kampuni ilinipa asante ya shilingi elfu arobaini, nikaila. Halafu nikakaa kwa kibanda cha chai nikipima nabii wa mwenzangu wa mwaka 1837.

Kwa hiyo nasema hapa, kwa maandishi, ili asije mtu akasema nilinong'ona: neno lile halikuwa la Bwana. Lilikuwa langu. Hamkukosa imani. Shetani hakuiba baraka yenu. Niliwaelekeza vibaya nikatumia jina la Mungu, na ninawaomba msamaha. Zile elfu arobaini nimezikabidhi kwa mweka hazina. Mchungaji mkuu na wazee wameniruhusu: Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitakaa ofisini na kila aliyenunua. Njoo na risiti. Ukitaka kuja na maneno makali, njoo nayo pia. Tutaandika orodha, tuone na wakili ni kipi kinaweza kufuatwa. Sitawaahidi kwamba pesa zitarudi. Nimeshaahidi vya kutosha.

JAMBO LA TANO: USIMHAMISHE KUTOKA MTU MMOJA KWENDA KWA MTU MWINGINE

Msimamo wa kanisa hili haujabadilika. Hatukubaliani na Wamormoni juu ya Mungu ni nani, wala hatupokei kitabu kingine kando ya Biblia. Wagalatia 1:8 iko pale pale, na rafiki yangu nimemwambia hivyo uso kwa uso. Lakini kama nitamtoa kwa Joseph Smith nimlete aegemee kwangu, nimemsaidia nini? Nitakuwa nimembadilishia noti tu, na dhahabu bado haipo. Asiyeanguka ni mmoja. Tomaso alipokuwa na shaka, Bwana hakumpa hoja, alimwonyesha majeraha yake mwenyewe (Yohana 20). Huko ndiko tunapeleka watu.

Mnauliza, je, ameokoka? Ameacha kanisa lake? Hapana, bado anaenda na familia yake. Lakini kila Alhamisi jioni tunasoma Injili ya Marko, sura moja kwa wiki. Tumefika ya tano. Mke wake alinitumia ujumbe akiuliza kama namvuta mume wake. Nilimjibu, "Dada, karibu nawe uketi nasi usikie kila kitu." Alhamisi iliyopita alikuja. Hakusema neno. Lakini alikuja na chapati, na safari hii mume wake alikula.

Tuombe: Baba, tuhurumie sisi, ili tujue kuwahurumia wenye shaka. Tupe mizani moja, ya jirani na ya nyumbani kwetu. Na pale tuliposema jina lako bila wewe kututuma, tupe miguu ya Nathani ya kurudi. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani, Jumatano:
1. Ni nani anayekujia na mashaka yake, na mara ya mwisho ulimkatiza wapi?
2. Je, umewahi kumwambia mtu "Bwana amesema" kisha ikawa sivyo? Ulirudi kwake?
3. Someni 2 Samweli 7:1-17 kwa sauti. Unadhani Nathani alisikiaje alipokuwa njiani kurudi kwa mfalme?