Ahadi kwa Adui

Wahenga walisema ahadi ni deni, wala hawakutaja kwamba mdai sharti awe rafiki au ndugu. Je, deni hili lamfunga mtu hata kwa adui? Twaona vyema tulipime swali hili mbali na kwetu, katika Amerika ya Kaskazini, ambako hatuna jamaa wa kumpendelea.

Waseneka walikuwa taifa la magharibi kabisa katika shirikisho la mataifa matano ya Wairokwoi, kusini ya Ziwa Ontario. Wao na Wafaransa wa Kanada waligombea biashara ya ngozi za manyoya. Mwaka 1687 Gavana Denonville alikwenda na jeshi kuwavamia. Kwanza, kwenye ngome ya Frontenac, Wairokwoi wa jirani walialikwa karamuni. Walipofika walifungwa, na baadhi yao wakapelekwa Ufaransa kuvuta makasia katika merikebu za mfalme. Watu hao walikuwa wakiishi kwa amani na Wafaransa.

Mwezi Julai Waseneka nao waliwavizia Wafaransa njiani, karibu na mji wao wa Ganondagan. Hawakufaulu, na mahindi yao yakateketezwa mashambani na ghalani.

Hila zote mbili ni hila, walakini hatuwezi kuzitia katika kapu moja. Askari apitaye msituni na bunduki ajua kwamba kila mti waweza kumficha mtu. Aliyealikwa kula hana kinga ila neno la mwenyeji wake. Tena neno hilo likivunjwa, nani atathubutu kumtuma mjumbe siku vita vitakapowachosha wote?

Wako watakaosema gavana alitii amri, kwani Mfalme Louis wa Kumi na Nne alikwisha agiza mateka wapelekwe merikebuni. Sisi tuliokula mshahara wa serikali twaijua hoja hiyo, na twaujua wepesi wake. Mfalme alitaja mateka wa vita. Mgeni si mateka.

Agosti 1689 Wairokwoi walishambulia Lachine, karibu na Montreal, wakaua na kuteka walowezi ambao hawakuwa wamemwalika mtu karamuni. Mwaka uo huo wafungwa wachache waliosalia hai walirudishwa kutoka Ufaransa, na vita havikukoma. Mahindi yalikwisha pandwa tena zamani. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi Montreal mwaka 1701, miaka 14 baada ya karamu ile, na hata hapo wajumbe walibishana juu ya mateka: nani amerudishwa, na nani bado.