Rafiki Anapojiuzulu

Kiswahili kimetupa neno zito kwa jambo zito: kujiuzulu. Kuuzulu ni kumwondoa mtu katika madaraka, na kazi hiyo aghalabu ni ya aliye juu. Sultani humuuzulu liwali wake, rais humuuzulu waziri wake. Tukitia "ji", mtenda na mtendwa huwa mtu mmoja, naye hujiondoa kwa mkono wake mwenyewe. Mimi, katika kazi yangu ya kufasiri, husita kila ninapolikuta neno hili. Kwanza, Kiingereza hakina "ji" hiyo. Pili, na hili ndilo kubwa, mara nyingi hatuna hakika kama mkono uliotenda ulikuwa kweli wa huyo anayetajwa.

Mashaka hayo huzidi pale anayejiuzulu anapokuwa mwandani wa kiongozi, mtu aliyekuwa naye tangu siku ambazo hapakuwa na msafara wala king'ora. Hapo huuliza mtu: nani amemwondoa nani? Na kuondoka huko kunalipa deni gani?

Mfano tunao, na hauko mbali. Tarehe 7 Februari 2008, mjini Dodoma, Waziri Mkuu Edward Lowassa aliliarifu Bunge kwamba amemwandikia Rais Jakaya Kikwete barua ya kuomba kujiuzulu. Siku moja kabla, Kamati Teule ya Bunge chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ilikuwa imewasilisha taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond. Mkataba huo ulifungwa mwaka 2006, wakati ukame ulipopunguza maji ya mabwawa na nchi ikaingia katika mgao. Nasi wa Unguja, ambao umeme wetu huja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara, hatuhitaji kufafanuliwa thamani ya taa. Kamati ilisema kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, tena ikaitaja ofisi ya Waziri Mkuu. Yeye alikanusha, akalalamika kwamba Kamati haikumwita kumsikiliza. Mawaziri wawili nao walijiuzulu, na Baraza zima la Mawaziri likavunjika.

Lakini waliosikia habari ile hawakumwona Waziri Mkuu peke yake. Waliwaona marafiki wawili. Wote walipita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wote walipita jeshini, wakakulia pamoja katika chama. Mwaka 1995 kila mmoja aliomba kuteuliwa kugombea urais, na hakuna aliyefanikiwa. Miaka kumi baadaye mmoja alisimama na mwenziwe akampigania, akapata zaidi ya asilimia 80 ya kura. Na aliyempigania ndiye akawa Waziri Mkuu. Kwa hivyo barua ile ya Februari iliandikwa na waziri kwa rais wake, na wakati huohuo na rafiki kwa rafiki yake. Ndipo ulipo ugumu wake.

Naona barua ya namna hiyo ina madeni mawili ndani yake. La kwanza ni la urafiki. Nyumba inapowaka moto, rafiki wa kweli anaweza kutoka nje ili moto umfuate yeye, mwenye nyumba apone. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hapana njia ya kumfaa mtawala katika dhiki inayopita hiyo. Tendo hilo lina heshima yake, na mwenye kulikejeli hajapata kuwa na rafiki.

La pili ni deni la umma, nalo halilipwi kwa sarafu hiyo. Mwananchi aliyekaa gizani hakudai kwamba mtu fulani aondoke. Alidai kujua: nani aliamua, nani alijua, nani alinyamaza? Kuondoka kwa rafiki kunaweza kumwacha bila jibu hata moja, tena kukamwondolea na mtu wa kuulizwa. Anaambiwa heshima imekwisha kutendeka, naye aridhike. Yaani deni lake limelipwa kwa mtu mwingine.

Neno waziri lenyewe lina la kutufunza. Baadhi ya wanazuoni wa Kiarabu hulihusisha na wizr, yaani mzigo; waziri ni mwenye kumchukulia mtawala mzigo wake. Nabii Musa aliomba apewe waziri katika jamaa zake, akapewa Haruni nduguye. Lakini aliporudi akawakuta watu wameabudu ndama, alimshika nduguye kichwa na ndevu, akamuuliza. Naye Haruni akajibu, akaeleza udhuru wake, akasikilizwa. Udugu haukumkinga na swali, na swali halikumnyima haki ya kujibu. Mambo hayo mawili ndiyo tuliyoyakosa mwaka 2008: ndugu kumuuliza ndugu mbele ya watu, na aliyeulizwa kujieleza mpaka mwisho.

Patakuwapo atakayesema: siri ni amana, na mwandani anayetoka na siri za mwenziwe ni khaini. Hoja hii si nyepesi kwetu watu wa pwani, tuliolelewa kwamba yaliyosemwa barazani kwa mtu hayatoki na kanzu yake. Lakini amana ina mwenyewe. Akikuambia rafiki habari za nyumbani kwake, mwenye amana ni yeye. Mkizungumza juu ya mkataba wa nchi, mwenye amana ni nchi, nanyi wawili ni wawekewa tu. Kumfichia rafiki mali ya mtu wa tatu hakujapata kuitwa uaminifu.

Tena siri iliyofichwa kwa ajili ya urafiki haidumu kuliko urafiki wenyewe. Mwezi Julai 2015 jina la Lowassa halikuwamo katika majina matano yaliyopitishwa na Kamati Kuu ya CCM, ambayo mwenyekiti wake wa chama alikuwa Kikwete. Mwezi huohuo Lowassa akahamia upinzani, na huko akasema kwamba yeye alitaka mkataba ule uvunjwe, lakini alizuiwa kutoka juu. Huenda alisema kweli, huenda alijitetea. Mimi si kadhi wa jambo hilo. Ninachojua ni kwamba neno kama hilo, lilikuwa kweli au si kweli, mahali pake palikuwa Dodoma mwaka 2008, lilipoweza kupimwa. Likija baada ya miaka saba, katikati ya kampeni, msikilizaji hawezi kulitenganisha na uchungu wa msemaji.

Iko namna nyingine ya kuondoka, nayo tunamshukuru mtu aliyelelewa visiwani humu kwa kutuonyesha. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya mateso na vifo vya watuhumiwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Hakuwa ametesa mtu wala kuamuru mateso. Alisema tu kwamba yaliyotendeka yalitendeka chini yake. Hapo "ji" ilikuwa na mwenyewe: kosa lilitajwa kwa jina, na aliyebeba mzigo alijulikana anabeba nini. Baada ya miaka minane alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Lowassa na Mwinyi walifariki mwezi mmoja, Februari 2024, na taifa likawalilia wote wawili. Ni haki. Kifo hufunga daftari za mtu, ila swali hubakia kwa walio hai, na halihusu nani alikuwa mwema zaidi. Kiongozi anayemteua rafiki yake amwambie siku ileile ya kiapo: nitakapokuuliza mbele ya watu, usidhani nimekusaliti. Na rafiki anayekubali amjibu: nitakapojibu kweli, usidhani nimekuacha. Wasioweza kuambiana hayo na wabaki marafiki, wanywe kahawa pamoja mpaka uzeeni, lakini wasigawane madaraka ya watu.