Maracanã na Sharti la Wakfu

Watu wa Lamu, Mombasa na Unguja wameishi na sheria ya wakfu kwa karne nyingi, na ndani yake mna kanuni ambayo haijapewa nafasi inayostahili katika mijadala ya mambo ya umma. Mtu akiweka nyumba au shamba la minazi kuwa wakfu wa mafukara, mali hiyo haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Paa likivuja, huezekwa. Ukuta ukilala, husimamishwa. Msimamizi ana uhuru mpana juu ya mawe, chokaa na boriti, lakini hana ruhusa ya kuwatoa mafukara akawaingiza wenye nafasi zao, hata kama nyumba itapendeza zaidi na kipato kitaongezeka. Mafaqihi wamefika hata kusema kwamba sharti la mwekaji wakfu huheshimiwa mithili ya nassi, yaani andiko la sheria lenyewe. Kanuni hii inatupa jibu la swali linalozuka kila uwanja mkubwa wa taifa unapovunjwa na kujengwa upya: je, uliosimama sasa ni uwanja ule ule? Sijui mfano unaolipima swali hilo vizuri kuliko Maracanã wa Rio de Janeiro.

Ujenzi wake ulianza mwaka 1948, mahali palipokuwa uwanja wa mashindano ya farasi, baada ya ubishi mkali kuhusu wapi ujengwe na kwa fedha za nani. Mwandishi wa habari za michezo Mário Filho, aliyekwisha kuandika kitabu juu ya Weusi katika soka ya Brazili, alipigania ujengwe karibu na watu, katikati ya jiji, na leo uwanja unabeba jina lake rasmi. Tarehe 16 Julai 1950, Urugwai ilipoifunga Brazili mabao 2 kwa 1 na kutwaa Kombe la Dunia, waliokata tiketi walikuwa 173,850, na makadirio ya wote waliokuwamo hufika 200,000, katika jiji lililokuwa na watu milioni 2 na ushei. Chini kabisa, likiuzunguka uwanja, palikuwa na eneo lililoitwa geral, neno la Kireno lenye maana ya jumla, la wote. Hapo watu walisimama kwa tiketi ya bei ya chini kuliko zote. Vijakazi, wapagazi, wauza karanga na watoto wa mitaa ya mabanda milimani walikuwa na mahali pao ndani ya jengo lile lile alimokaa rais wa nchi.

Geral ilifungwa mwaka 2005, na viti vikawekwa mahali pake. Kisha, kati ya 2010 na 2013, ikaja kazi kubwa ya kuuandaa uwanja kwa Kombe la Dunia la 2014. Mwaka 2000 Maracanã ulikuwa umeandikishwa kuwa urithi wa taifa unaolindwa na sheria, lakini paa lake la zege likabomolewa, majukwaa ya ndani yakang'olewa, na bakuli jipya la viti likajengwa ndani ya ganda la zamani. Gharama ilipita reali bilioni 1. Nafasi zikabaki kama 78,000, na bei ya kuingia ikapanda hadi wengi waliosimama geral wakabaki kuangalia mechi kwenye televisheni za baa.

Kwa macho ya mpita njia, uwanja ni ule ule: nguzo zile zile za nje, mahali pale pale, jina lile lile. Aristotle alilikabili fumbo kama hili alipoandika juu ya siasa. Aliuliza ni nini kinachoufanya mji uendelee kuwa mji ule ule, akakataa kwamba ni kuta, kwa sababu mtu angeweza kuizungushia ukuta Peloponnese nzima na bado asipate mji mmoja. Jibu lake lilikuwa kwamba mji hubaki mmoja kwa katiba yake, yaani kwa mpango wa nani anashiriki na kwa namna gani. Nami nasema uwanja wa taifa hubaki mmoja kwa namna hiyo hiyo. Katiba ya Maracanã ilikuwa mlango wa geral. Ulipofungwa bila kufunguliwa mwingine badala yake, zege la nje halikutosha kuuokoa.

Pingamizi la kwanza ni usalama, nalo si la kupuuzwa, kwani roho za watu zilipotea. Mwaka 1992, katika fainali ya Flamengo na Botafogo, kizuizi cha jukwaa kilivunjika na watu 3 wakafa. Lakini kizuizi hicho kilikuwa cha jukwaa la juu, si cha geral, na kilichoua ni chuma kilichoachwa bila matunzo. Uingereza nayo, baada ya msiba wa uwanja wa Hillsborough wa 1989 uliochukua watu 97, ililazimisha viti katika viwanja vya ligi za juu, ingawa uchunguzi wa Jaji Taylor uliona kwamba kosa kuu lilikuwa la polisi katika kuuongoza umati. Tangu 2022 nchi hiyo hiyo imeruhusu tena sehemu za kusimama zenye vyuma vya kushikilia. Huko Dortmund, Ujerumani, karibu watu 25,000 husimama katika jukwaa moja kila mechi ya ligi. Usalama ni suala la vyuma, milango na idadi. Haudai kwamba maskini abaki nje.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linanisumbua. Geral yenyewe ilikuwa fedheha. Macho ya aliyesimama pale yalikuwa karibu usawa wa nyasi, akiona miguu ya wachezaji zaidi ya mchezo. Mvua ilimnyeshea, jua lilimchoma, na waliokaa juu waliweza kumrushia uchafu. Basi tunaililia nini? Anayeisifu geral kama pepo iliyopotea anaupamba ufukara wa wengine, na si haki kufanya hivyo. Lakini hapa ndipo sharti la wakfu linaponyoosha fikra. Chumba cha fukara kikivuja, haki yake ni paa jipya, na aliyelala chini ya mvujo alale chini ya paa hilo yeye mwenyewe. Ukarabati wa haki wa geral ungempandisha yule yule aliyesimama chini, ukampa mahali pa kuona vizuri kwa bei anayoimudu. Ubaya wa mahali pake ulikuwa sababu ya kumpa kilicho bora. Ukageuzwa kuwa sababu ya kumtoa.

Atasema mwingine kwamba uwanja si wakfu: hakuna mwekaji, hakuna hati, na serikali iliyochaguliwa ina mamlaka ya kubadilisha mali yake. Historia ya Maracanã yenyewe inamjibu. Ili kupata fedha za ujenzi, jiji liliwauzia watu binafsi viti vya kudumu, na haki ya wenye viti hivyo ingali inatambuliwa hadi leo, baada ya ubomoaji wote. Kwa hiyo dola inajua kabisa kutunza ahadi kuvuka ukarabati, mradi mwenye ahadi awe na karatasi mkononi. Aliyelipa kwa kodi ya sukari, nguo na nauli hakupewa karatasi, ingawa uwanja ulijengwa kwa jina lake. Kukosa hati hakuifuti amana. Kunamwongezea aliyekabidhiwa wajibu wa kuitunza, kwa sababu mwenye haki hana pa kwenda kushtaki.

Jambo hili linatugusa sasa. Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na mafundi wamekwisha kuingia katika viwanja vya zamani huku vipya vikijengwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, una mzunguko wake, yaani viti vya bei ya chini, na tiketi ya mzunguko ndiyo inayomwezesha dereva wa bodaboda kuiona Simba na Yanga kwa macho yake. Mikataba ya ukarabati hutaja saruji, taa, nyasi na vyumba vya wageni mashuhuri kwa vipimo kamili. Idadi ya viti vya mzunguko, na bei isiyozidi kipato cha siku moja cha kibarua, ziandikwe humo humo kwa tarakimu, kabla mashindano hayajafika na kuondoka.