Mvunguni mwa Kitanda cha Nani

Kwa wengi wetu Nairobi, kifaa cha kugundua metali ni kile kifimbo cheusi anachokupitishia askari mlangoni mwa jumba la maduka. Kinalia kwa sababu ya funguo, naye anakuambia "pita tu". Hakuna anayekiwazia kama mchezo. Mimi pia sikukiwazia hivyo hadi mwaka jana, mteja mmoja wa ng'ambo aliponiagiza makala kumi na mbili kuhusu burudani za nje: kuvua kwa ndoano, kutazama ndege, kukwea miamba, na hii ya kutembea mashambani na kigunduzi ukitafuta sarafu za kale na vipande vya dhahabu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliposhinda mfuko, na tangu hapo nakula kwa maneno. Mtu anataka maneno elfu moja kuhusu kitu ambacho sijawahi kukishika, nasoma usiku, asubuhi nampa, anaweka jina lake. Makala hayo nimeyasahau karibu yote. Hili la dhahabu limekataa kutoka.

Limekataa kwa sababu kwetu ni Ikolomani, Kakamega. Huko dhahabu ni mashimo marefu yanayoshikiliwa na magogo. Ni akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo tangu asubuhi. Ni zebaki inayokorogwa kwa mikono mitupu ili inase chembe, kisha inachomwa na moshi wake kuvutwa na kila aliye karibu. Nilichomeka aya moja ya hayo kwenye makala. Mteja akaitoa, kwa adabu kabisa: wasomaji wake, alisema, wako wikendi. Sikubishana. Analipa kwa wakati, na wateja wa aina hiyo ni adimu kuliko dhahabu yenyewe.

Ningeweza kuandika hapa insha ya hasira, kwamba wenzetu wanafanya mchezo kitu kinachotuzika. Ni insha rahisi, na sidhani ni ya kweli. Mtu hana kosa kwa sababu tu ameshiba. Na mchezo wenyewe, kadiri nilivyousoma, ndivyo nilivyouheshimu. Koili iliyo mwisho wa fimbo hutuma nguvu ya sumaku ardhini. Metali ikiguswa na nguvu hiyo hujibu kwa sumaku yake ndogo, nawe unasikia mlio masikioni. Unapiga magoti, unachimba. Kizibo cha soda. Unafukia, unatembea. Msumari. Unatembea tena. Mtu anamaliza siku nzima kwenye manyunyu kwa ajili ya vizibo saba, na Jumamosi inayofuata anarudi. Watu wa Pwani walimjua mtu huyo kabla ya betri kuwepo: mgagaa na upwa hali wali mkavu.

Inayonisumbua ni methali nyingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shuleni tulifunzwa kwamba ni habari ya bidii, sawa. Lakini methali haisemi kitanda ni cha nani. Ukiinama mvunguni mwa kitanda chako, una bidii. Ukiinama mvunguni mwa kitanda cha jirani, una jina lingine. Na ardhi ni kitanda ambacho watu wengi wanadai walikilalia kwanza. Sasa, mtu akiokota kitu cha thamani humo, ni nini kinachomfanya awe mwokotaji na si mwizi?

Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, Suffolk, Uingereza, mkulima alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake amsaidie kuitafuta, mzee aliyezawadiwa kigunduzi alipostaafu. Mzee akakuta vijiko vya fedha, mapambo ya dhahabu na sarafu za Kirumi. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kutafuta: akaacha kuchimba. Wakaripoti, wanaakiolojia wakaja kesho yake. Sarafu peke yake zilikaribia 15,000, na kwa kuwa nyingi zilikuwa bado zimelala zilivyopangwa, wataalamu waliweza kujua kwamba hazina ile ilizikwa ndani ya kasha la mbao, na baadhi ya vitu ndani ya visanduku vidogo. Mzee alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima. Nyundo pia ilipatikana, na sasa iko British Museum. Hiyo nyundo naipenda kuliko dhahabu.

Miaka minne baadaye ikaja sheria mpya ya hazina ya mwaka wa 1996. Kwa kifupi, ukikuta kitu cha dhahabu au fedha kilichopitisha miaka 300, una siku 14 za kumwarifu ofisa anayeitwa coroner, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuchunguza vifo visivyoeleweka. (Hapo Waingereza walinifurahisha. Hazina nayo ni aina ya maiti isiyoeleweka.) Jumba la makumbusho likikitaka kitu hicho, linalipa, na kwa kawaida malipo hugawanywa kati ya mwokotaji na mwenye shamba.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza lilikuwa hili: kuokota hakukamiliki mkono unapofunga, hukamilika mdomo unapofunguka. Mwizi na mwokotaji huinama sawasawa. Tofauti yao huja baadaye, pale wanapomtazama mtu machoni na kusema nimepata, na nimepata hapa. Hilo neno "hapa" lina uzito wake. Mwaka wa 1944, mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa. Kilwa hii yetu, ya masultani, zimevuka bahari nzima. Alizitia kwenye kopo, zikakaa hadi 1979 alipozipeleka zichunguzwe, pamoja na ramani aliyoitia alama mahali alipoziokota. Hadi leo hakuna aliyethibitisha zilifikaje kule. Tulichonacho cha kuanzia ni ile alama kwenye ramani.

Jibu zuri, nikaliamini karibu wiki nzima. Kisha nikasoma habari za Herefordshire. Mwaka wa 2015 wanaume wawili wenye vigunduzi walikuta hazina ya zama za Waviking karibu na Leominster. Njia ya kusema ilikuwa wazi mbele yao, imepigwa lami hadi benki. Wakakaa kimya, wakaanza kuuza kimyakimya, na mwaka wa 2019 wakafungwa. Sarafu zinazokadiriwa kuwa 300 hivi, zilizopatikana ni kama 30 tu. Baadhi yake zinaonyesha wafalme wawili wameketi pamoja, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia, yule ambaye historia ilimwandika kama kibaraka tu. Sarafu zinasema walikuwa washirika. Zile nyingine zingesema nini, waulize walionunua.

Hao sina ugumu nao. Walikuwa na kila sababu ya kusema. Ugumu wangu uko nyumbani.

Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyoahidi kwamba ardhi iliyotengewa Waafrika wa Kenya ni yao milele, na kipande chochote kikichukuliwa, kitafidiwa kwa ardhi ya thamani ileile, baada ya baraza lao la wenyeji kushauriwa. Mwaka uliofuata dhahabu ikagunduliwa Kakamega. Mamia ya Wazungu wakamiminika, wengi wakiwa walowezi waliovunjwa na bei mbaya ya mahindi na kahawa, na karai mkononi. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa haraka: ardhi ya kuchimbwa madini sasa ingeweza kuchukuliwa kwa pesa taslimu tu, bila kipande kingine, bila kushauri baraza. Milele ilidumu miaka miwili. Kule Victoria, Australia, wachimbaji walipoasi mwaka wa 1854 walipata kibali cha bei nafuu kinachotolewa mpaka leo; mtu wa wikendi hukilipia dola chache, kikamtosha miaka kumi, na anachookota ni chake. (Wenyeji wa asili wa ardhi ile hawakuulizwa, hilo nalo tuliseme.) Sisi tulifunzwa somo lingine: ukisema umepata, utahamishwa.

Leo Katiba inasema madini ni ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inamruhusu mchimbaji mdogo kuomba kibali. Mrabaha hugawanywa: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Kwenye karatasi si mbaya. Shida ni kwamba somo la 1932 halikuandikwa kwenye karatasi.

Binamu yangu, mtoto wa senje, alinipigia mwezi wa Machi. Alikuwa amesikia naandika kuhusu mashine za dhahabu.

"Bro, hiyo kitu ni pesa ngapi?"

Nikamweleza. Zile nzuri ni maelfu ya dola. Za bei ya chini zitasumbuliwa na udongo wetu mwekundu, una chuma kingi, zitalia kama mtoto. Halafu dhahabu ya kwetu nyingi ni vumbi ndani ya mawe, mashine haioni vumbi, inaona kipande. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wao watatu washachanga za kununua moja iliyotumika, na kuna mahali karibu na mto ambapo mvua ikinyesha watu huokota vipande. Ni shamba la mama mmoja mjane. Walitaka mimi niwe wa nne.

"Mkipata, mtamwambia?"

Akacheka kidogo. "Tukimwambia, atamwambia kijana wake. Kijana ataambia watu kwa baa. Wiki ijayo kuna lori na watu wa suti na kibali, na huyo mama anabaki na shimo. Sasa wewe ndio ulisoma, niambie. Nani anamwibia?"

Nimelifikiria hilo swali zaidi ya kitu chochote nilichowahi kuulizwa darasani. Nusu yake ni kweli tupu. Mtu ambaye kusema kunamgharimu shamba hana deni la kusema kwa anayekuja kulichukua. Sitamhukumu babu yangu aliyeona kitu kinang'aa mtoni mwaka wa 1933 akatia mguu wake juu. Lakini babu alikuwa amesimama juu ya kitanda chake mwenyewe. Binamu anaazima woga wa babu ili aingie kwa mama wa watu baada ya mavuno, giza likiingia. Kimya cha kumficha mwenye nguvu na kimya cha kumficha jirani vinafanana kwa sauti, maana vyote havina sauti, lakini kimoja kinalinda nyumba na kingine kinaivunja. Na lori likija hata hivyo, huyo mama atakuwa ameibiwa mara mbili, na wa kwanza watakuwa watu anaowasalimia kila asubuhi.

Nikamwambia nitatoa pesa kwa sharti moja: mama awe wa tano, aambiwe kabla ya mashine kuwashwa, na kama ataona ni vyema tuombe kibali, tuombe. Kukawa kimya. Akasema atauliza wenzake.

Ilikuwa Machi. Huko kwetu mahindi huvunwa kuanzia Julai hadi Agosti, shamba likawa wazi. Elfu kumi na mbili zangu bado ziko kwa simu, na kila binamu akiposti kwa status naangalia picha kwa makini, nikitafuta fimbo.