Simu Mbele ya Sinia

Enyi ndugu zetu, safari ilitufikisha Migwani, katika nchi ya Kitui, tukakaribishwa chakula na Mwislamu mwenzetu. Tukaandaliwa muthokoi, nao ni mahindi yaliyotwangwa kuondoa maganda, yakapikwa na kunde. Mtoto wa miaka mitatu akawekewa simu mbele yake, na mamake akimtia tonge kinywani. Mtoto hakuyaangalia matonge, wala Bismillahi iliposomwa hakuisikia. Na watu wa pwani wasicheke, kwani hata kwetu, mbele ya wali wa nazi, mambo ni yale yale.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na aliye chini ya miaka miwili asiwekewe kabisa. Lakini hoja yetu ni nyengine. Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), alikuwa mtoto, na mkono wake ukizunguka katika sahani. Mtume alimfunza pale pale alipoketi: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale cha mbele yake. Chuo chake kilikuwa sahani ile. Je, angalifunzwaje lau macho yake yangalikuwa kwengine?

Twalikuwa tu karibu kumlaumu mama yule, mara simu yetu ikalia mfukoni. Tukaipokea, na vidole vingali na chakula. Mtoto akainua macho, mara ya kwanza tangu tuketi, akatutazama.